Deko la Hemedi

Hemedi alilala katikati ya kilio.

Ilikuwa asubuhi kweupe, jua limeshapanda mapaa ya Barabara ya Kumi na Tisa pale Tanga, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mikononi mwa Eliakunda, mtaalamu wa viungo aliyekuwa akija kumnyoosha tangu yuko mchanga. Eliakunda aliufungua ule mguu nje kidogo, kama siku zote. Mtoto akatoa sauti moja fupi inayopanda mwishoni, kama mtu anayeuliza, na kabla swali halijaisha macho yakafumba, shingo ikalegea, akaanza kukoroma.

Eliakunda akabaki ameushika mguu, hauweki chini wala hausogezi.

"Mama Hemedi," alisema taratibu, "mbona amevaa Mbembelezi mchana?"

"Nimechelewa kumvua leo. Alikuwa amelala vizuri mno, nikaona nimwache." Mwantumu alitabasamu, maana alikuwa bado hajajua. "Si unajua tulikotoka na usingizi wa mtoto huyu, dada Eli. Ukimkuta amelala, hata kumfunika shuka unaogopa."

Eliakunda alijua. Mtaa mzima ulijua. Hemedi alikuwa na miaka sita, amezaliwa na mtindio wa ubongo. Akili zake zilikuwa timamu na utani wake mwingi, lakini mwili ulimgomea. Hakuweza kujigeuza kitandani. Misuli ilimkakamaa usingizini ikamwamsha, na akiamka hana neno la kusema ila kulia, na akilia hana wa kumlilia ila mama yake. Baba mtu alikuwa fundi wa njia ya treni huko bara, akija nyumbani ni mgeni. Miaka nenda miaka rudi Mwantumu akalala usingizi wa mang'amung'amu. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na aliyeisema methali hiyo bila shaka aliwahi kukesha. Kiwandani kwao, walikokuwa wakishindilia mbao za katani za kujengea nyumba, siku moja usingizi ulimchukua amesimama mbele ya mashine. Mashine haikulala. Iliondoka na ncha ya kidole chake cha shahada.

Baada ya hapo ndipo alipoletwa Mbembelezi. Kwa macho kilikuwa kitu cha kudharau, utepe wa kitambaa wa kuvaa kichwani wenye punje ndogo kama ufuta zilizoshonewa ndani. Punje hizo zilisikiliza ubongo na zilisikiliza kinywa. Zikiona mtoto anasumbuka bure, zilipeleka mpigo hafifu kwenye sehemu ya ubongo inayovuta usingizi, na mtoto akarudi kulala kama vile mtu amempigapiga mgongoni. Hemedi akalala. Akalala usiku wa kwanza, akalala wa pili, na asubuhi ya tatu Mwantumu alipoamka na kukuta jua limemtangulia, alikimbilia kitanda cha mwanawe akidhani amekufa. Alikuwa anakoroma. Tangu hapo mtoto akanenepa, shuleni akawa haishi kucheka, na mama yake akakumbuka kwamba yeye pia ana uso wa kupaka mafuta.

Sasa Eliakunda aliufungua ule utepe, akauweka mbali na kichwa cha mtoto.

"Sauti aliyotoa sasa hivi," aliuliza, "hapa nyumbani mnaiitaje?"

"Ipi, ile?" Mwantumu akaiiga, maana aliijua kama jina lake. "Nnh-ee? Ile ni deko."

"Deko tupu!" Bi Mwanahawa akadakia kutoka jikoni. Alikuwa mama wa mumewe Mwantumu, na kwa utani wa bibi na mjukuu alimhesabu Hemedi kuwa mumewe wa ndoa na Mwantumu kuwa mke mwenza. "Weye humjui mume wangu? Ukimbeba tu, kimya! Anajua kututesa wakeze huyo."

Siku nyingine Eliakunda angecheka. Leo alitoa mkobani kioo cha mifupa, bamba jembamba linaloonyesha kilichomo chini ya ngozi, akakilaza juu ya nyonga za Hemedi. Akamwita Mwantumu aje upande wake. Upande wa kulia mfupa wa paja ulikaa ndani ya nyonga kama mchi ndani ya kinu. Upande wa kushoto kinu kilikuwa kitupu. Mchi ulikuwa juu, nje, umejichimbia mahali ambapo Mungu hakuuweka.

"Imetoka," alisema Eliakunda.

"Imetoka sasa hivi? Ulipomvuta?"

"Natamani ingekuwa hivyo. Hii ilianza kutoka kidogo kidogo, muda mrefu. Tazama mfupa ulivyolika hapa." Alikigusa kioo kwa kidole. "Mama Hemedi, ile sauti si deko. Ile ni nyonga."

Mwantumu alikitazama kioo, akamtazama mwanawe anayekoroma, akarudi kwenye kioo. Wamesema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Yeye mzazi alikuwa amelala.

*

Mbembelezi hakuzaliwa anajua Kiswahili. Alipofika nyumba yoyote alikaa kwanza majuma kadhaa bila kumlaza mtu, anasikiliza tu, na kila mtoto alipolia mtu mzima wa nyumba alitakiwa kutamka, kwa kauli yao wenyewe, mtoto analilia nini. "Msinitafutie maneno ya hospitali," Eliakunda aliwaambia siku alipomleta. "Semeni mnavyosema." Nao wakasema. Njaa hiyo. Amejikojolea. Kamkakamaa mkono. Kaota. Na kila ilipokuja sauti fupi inayopanda mwishoni, Bi Mwanahawa alisema kwa mapenzi yote ya dunia: anadeka huyo. Mwantumu akaunga mkono, na alikuwa na ushahidi, kwa sababu mtoto mwenye maumivu hanyamazi kwa kubebwa tu, na huyu alinyamaza.

Ndani ya Mbembelezi mlikuwa na milango mitatu. Kilio kilichoingia mlango wa maumivu kiliwaamsha wakubwa. Kilichoingia mlango wa haja kiliwaamsha pia. Mlango wa tatu ulikuwa wa kilio kisicho na sababu, na mtoto aliyelia kwa mlango huo alirudishwa usingizini bila kusumbua mtu. Waliounda kitu hicho hawakuwa na neno deko katika lugha yao. Waliuliza maana yake, na aliyeulizwa alikuwa Eliakunda.

"Nililiweka mimi," alisema. Walikuwa wamekaa mkekani, mtoto katikati yao, chai imepoa. "Nilijiuliza, kudeka ni nini? Nikaandika, kulia bila sababu. Nikaliweka mlango wa tatu. Mimi mwenyewe kwetu Upare nimedeka kwa mama yangu mpaka nimeota matiti, na bado niliandika hivyo."

Bi Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kulaumiwa. Neno lake lilikuwa zuri. Mtu hadeki kwa asiyempenda. Mtoto wa kambo hadeki, mgeni hadeki. Anayedeka ni yule anayejua kwamba akiita ataitikiwa, na mkubwa anayesema "anadeka huyo" huwa tayari ameshaanza kuinuka ili ambebe. Hayo yote yalikuwa ndani ya neno, na hakuna aliyekumbuka kuyasema mbele ya mashine.

"Ulikuwa unambebaje?" Eliakunda alimuuliza Mwantumu ghafla. "Zamani, kabla ya Mbembelezi. Akilia kilio kile."

"Kwa kanga. Kiunoni hapa." Mwantumu alisimama akaonyesha, akajigonga juu ya nyonga yake. "Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Natembea naye humu ndani mpaka..." Aliiona mikono yake mwenyewe hewani, imemshika mtoto asiyekuwapo, na mapaja ya mtoto huyo yamepanuka.

"Ndiyo," alisema Eliakunda, na macho yake yamejaa machozi. "Miguu ikipanuka hivyo, mfupa unarudi kukaa penye kinu chake. Ndiyo maana alikuwa ananyamaza. Ulikuwa unamtibu."

Mwantumu alikaa chini. Alitaka kulia na kilio hakikuja. Kilichokuja ni hesabu ya usingizi wake wote mtamu, usiku baada ya usiku, yeye chumba hiki amejinyoosha na mtoto chumba kile anaita, anazimwa, anaita, anazimwa. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa usingizi ule. Alikuwa amefunga sunna kwa kushukuru.

*

Yaliyobaki Eliakunda aliyasema kwa kifupi, kwa sababu hayakuwa na namna ya kupambwa. Nyonga ilihitaji kupasuliwa. Wapasuaji walikuwa wachache, na foleni yao ilipangwa kwa maumivu: mwenye kuumwa sana hutangulia, picha ya kioo haihesabiwi. Mtu mzima huulizwa. Mtoto asiyesema husikilizwa usiku kupitia Mbembelezi wake, na Mbembelezi wa Hemedi alikuwa akituma habari moja tu kila alfajiri, kwamba mtoto amelala salama.

"Nikilihamisha neno sasa hivi, kutoka mlango wa tatu kwenda wa kwanza, halitoshi," alisema. "Mbembelezi ameshazoea kuizima ile sauti. Inabidi ajifunze upya, na ili ajifunze lazima aisikie ikitoka yote, bila kuikata. Punje za kusikiliza nitaziacha wazi kando ya kitanda. Za usingizi nitazifunga. Mtoto alie, nyie muitikie, na mseme ni maumivu. Usiku kadhaa. Hapo daktari atamsikia."

"Na tukimwacha kama alivyo?"

"Atalala. Zamu yake itakuja, labda mwakani, labda baadaye. Mfupa utakuwa umelika zaidi. Huenda asikae tena kwenye kiti cha shule." Eliakunda alianza kufunga mkoba wake. "Siwezi kukuchagulia, Mama Hemedi. Dawa ya maumivu nakuachia, lakini sikudanganyi, usiku mfupa ukikamatwa na misuli dawa hii haifui dafu. Ataumia."

Mlangoni aligeuka. "Kuna nyumba nyingine. Pwani yote hii wanasema anadeka. Naenda kuwagongea mmoja mmoja." Gari la kliniki likajiwasha lenyewe lilipomwona anakuja, likaondoka naye kimya.

Jioni Bi Mwanahawa alipakua ugali na samaki wa kupaza, wala hakuna aliyekula ila Hemedi, aliyelishwa kwa kijiko kidogo na kucheka bibi yake alipomwambia kwamba mke mdogo hajui kupika. Alipomaliza kumfuta mdomo, ajuza alisema bila kumtazama mkwewe:

"Mvishe mtoto utepe wake."

"Mama..."

"Miye sikusoma, lakini hili nalijua. Mtu aliyelala haumwi. Mwaka mzima mwanao anaumwa na hajui kama anaumwa. Hiyo ni rehema ya Mola imepitia kwenye kitambaa. Weye unataka umvue, alie usiku kucha, kwa ajili ya foleni?"

"Anajua, mama. Angekuwa hajui asingeita."

"Anaita kidogo tu, kisha analala."

"Halali. Analazwa."

Bi Mwanahawa aliweka sahani chini kwa kishindo. "Nimemzika mume, nimezika watoto wawili. Kilio nakijua. Hakuna kilio chenye faida. Weye unataka mwanao alie, Mwantumu?"

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu siku ya harusi. Mwantumu aliliona lile jina limesimama kati yao, na akajua kwamba mkwewe hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa na hofu, kwa sababu kila atakapokisikia kilio kile atasikia na neno lake mwenyewe juu yake.

"Nataka asikike," alisema. "Nimemzima mwaka mzima, mama. Tumemzima sote. Sitaki zamu yake ipite kwa watoto wanaolia kwa sababu sisi tulitaka kulala."

Ajuza akainuka, akashika tasbihi yake. Alipompita Hemedi alimgusa shavu kwa nyuma ya mkono. "Mume wangu," alimwambia, "nisamehe, mimi siwezi kukaa hapa," akaingia chumbani kwake na kurudisha mlango.

*

Mwantumu alifanya kila kitu sawasawa. Alimpa dawa, akamwekea mto katikati ya magoti kama alivyofundishwa, akautandaza utepe kando ya kitanda ukiwa na punje za kusikiliza peke yake. Kanga ya kumbebea aliitoa chini ya sanduku. Ilikuwa bado na mkunjo wa zamani mahali pa fundo. Akajilaza pembeni ya mwanawe na kusubiri kilio kama mtu anayemsubiri mgeni aliyemkosea.

Kilio hakikuja.

Taa ilizimwa muda mrefu, majirani walinyamaza, na kilio hakikuja. Akaanza kujidanganya. Pengine dawa imekubali. Pengine kioo kimekosea. Pengine Mola ameitazama nyumba hii na kusema basi. Alikuwa karibu kuamini, na usingizi ulikuwa umeshamgusa kope, aliposikia pumzi ya mtoto. Pumzi ya aliyelala huenda mbali na kurudi kwa wakati wake. Hii ilikuwa fupi, ya puani, inahesabiwa.

Akawasha taa.

Hemedi alikuwa macho. Alikuwa ameikodolea dari, na machozi yalimtiririka pande zote mbili yakamwingia masikioni. Mguu wa kushoto ulikuwa umekakamaa unatikisika kama uzi wa zeze. Midomo alikuwa ameibana kwa nguvu zote, yeye ambaye mwalimu wake alikuwa akihangaika miezi kumfundisha kufunga mdomo asidondoshe udenda.

"Baba," alisema Mwantumu. "Baba, nipo hapa. Lia."

Mtoto alimgeuzia macho, akaibana midomo zaidi.

Hapo Mwantumu alielewa, na alipoelewa alitamani angebaki mjinga. Mwaka mzima, kila mtoto huyu alipoumwa, alimwita mama yake, na kila alipomwita alijiwa na giza. Hakuna aliyemwambia kuwa ni usingizi. Yeye alichojua ni kwamba anayeita hufutwa. Asubuhi ile, mguu ulipovutwa, sauti ilikuwa imemponyoka tu. Usiku huu alihisi kichwa chake hakina utepe, lakini angejuaje kwamba giza nalo limevuliwa? Alikuwa anaumwa kwa adabu. Mtoto wake wa kumzaa alikuwa anaumwa mbele yake kama mgeni kwenye nyumba ya watu.

"Deka, baba," alimwambia. "Nidekee. Mimi mama yako, utamdekea nani tena? Nitaamka. Nakuapia nitaamka kila mara."

Akamwinua. Akamkalisha kwenye nyonga yake, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, akaifunga kanga. Alikuwa amekua. Nyayo zake zilimfikia mama yake magotini, uzito wake ulimvuta Mwantumu upande, lakini paja lilipanuka, na alihisi ule mtikisiko ukipungua kidogo, ukipungua tena. Haukuisha. Usingeisha tena kwa kanga. Akaanza kutembea naye mlangoni na dirishani, dirishani na mlangoni, kama zamani, na uso wenye machozi ukamlalia shingoni bila sauti.

Basi akafanya jambo ambalo mama hulifanya kwa mtoto mchanga anayejifunza kusema. Alimsogelea sikioni, akamtolea ile sauti mwenyewe.

"Nnh-ee?"

Hemedi aliinua kichwa. Akautazama mdomo wa mama yake.

"Nnh-ee?" Mwantumu alirudia, na safari hii hakuwa anaiga, ilimtoka kifuani jinsi ilivyo, fupi, inayopanda mwishoni, inayouliza kama kuna mtu.

Upande wa pili wa ukuta wa katani kitanda kililia, na sauti ya Bi Mwanahawa ikapasuka gizani, nusu kicheko nusu kilio.

"Alhamdulillahi! Mke mwenzangu, unamsikia? Mume wangu huyo! Mbebe, mwanangu, mbebe upesi!"

"Nimembeba, mama," Mwantumu alijibu.

Hakuwa na moyo wa kumwambia ni nani aliyekuwa analia. Akaukaza mkunjo wa kanga, akaurudisha mdomo wake sikioni mwa mtoto, akaanza tena.